Pumziko Nililompa Dada Justa

Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
11 Juni 2023

Dada Justa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, tena kwenye kiti chenye mto. Huku sisi wazima, isipokuwa msimu wa miwa umefunguliwa, na msimu ukifunguliwa hakuna mtu wa kambi hii anayeweza kusema ni mzima sana. Jana walichoma shamba la kwanza. Leo tumeingia na mapanga. Madoa unayoyaona kwenye karatasi ni masizi, usidhani ni kitu kingine. Mwenzangu wa chumbani, Mashimba wa kule Magu, anakusalimu. Anasema, "Mwambie dada yako salamu nampa, posa sitoi, nimechoka." Mzoee tu, ndivyo alivyo.

Hellen amenipigia akaniambia ulivuka kutoka Kamanga katikati ya Mei, ukiwa na magunia mawili na godoro lako, na sasa umetulia nyumbani kwangu Igogo. Nimemshukuru Mungu. Tangu shemeji Yeremia alipofariki mwezi wa kumi na moja, nilikuwa nakufikiria peke yako katika nyumba ile ya ufukweni, na masikio yako hayo. Ndiyo maana naandika. Ukipigiwa simu unasema unasikia upepo tu, na ujumbe wa simu herufi zake ni kama chawa. Basi barua nitampa konda wa basi la Mwanza, Hellen ataichukua stendi ya Nyegezi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe. Mambo yetu asisome mtu.

Sasa nisikilize. Una miaka sitini na minane. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, ukanichukua, ukanibeba mgongoni kwenye pamba na mwanao ukamfunga kifuani. Maisha yako yote umeinama, kama si kwenye jembe ni kwenye dagaa. Basi, inatosha. Nimemwambia Hellen: dada asiguse ufagio, asiguse sufuria, asiguse ndoo. Akae. Mtu akiniuliza nimechuma nini miaka yote hii ya miwa, nitamjibu kwamba nina nyumba Igogo, na ndani yake amekaa dada yangu hafanyi kitu.

Kuhusu mazishi ya shemeji nilishasema, narudia: niliomba ruhusa, nikanyimwa.

Nimechoka lakini nina furaha.

Mdogo wako,
Luhende


Igogo, Mwanza
2 Julai 2023

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu imetoka kwako, mara ya pili kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya.

Wanao hawajambo, Precious ameandika kutoka shule ya bweni, ameomba sabuni na viatu. Hellen hajambo, anaondoka alfajiri kwenda kupikia makuli chakula kule bandarini na kurudi saa kumi. Mkeo ni mtu mwema, nataka uelewe hivyo kabla sijaendelea.

Siku ya tatu baada ya kufika nilifagia uwanja. Akanikuta, akaunyakua ufagio. Ikabidi apaze sauti, majirani wakachungulia ukutani. "Wifi, jamani! Unataka watu waseme namtumikisha wifi yangu mjane?"

Nikamwambia, "Hellen, huu ni ufagio. Si jembe la kukokotwa na ng'ombe."

"Mdogo wako amesema."

"Mdogo wangu huyo nilikuwa namwogesha."

"Sasa ndiye mwenye nyumba, wifi."

Hapo akanishinda. Kesho yake nikaosha kikombe changu mwenyewe. Aliporudi akakichukua, akakiosha tena. Na kwa sababu sisikii mtu akibisha, akienda kazini anafunga geti kwa nje, wezi wasije wakaniingilia. Anafanya vizuri. Nakaa.

Kutoka kwenye kiti chenye mto naona ziwa katikati ya mabati mawili, kipande cha maji cha upana wa kanga. Kivuko cha Kamanga kinaingia upande mmoja wa kanga kinatokea upande wa pili. Nakihesabu. Jana kimepita mara kumi na moja.

Sasa nina ombi. Kesho mwezi unakuwa mpevu, kisha utapungua, na giza likiingia wavuvi watatoka na taa zao, asubuhi wanawake wote watashuka ufukweni kuanika. Tereza, jirani yangu wa Kamanga, amemtuma mtu wa kivuko aje aniambie kwamba mwishoni mwa Mei walitandaza dagaa kumbe mvua iko nyuma ya kilima, nusu wakaoza. Wakasemezana, "Justa angekuwepo." Unajua kule walikuwa hawamwagi ndoo za dagaa mchangani mpaka wanione mimi nimemwaga yangu. Siyo uganga, ni kuangalia tu upepo unavyokunja maji, na kwa hilo masikio hayahitajiki.

Niruhusu nivuke kila giza, wiki mbili tu kwa mwezi. Mbalamwezi ikirudi nami nitarudi kukaa.

Dada yako,
Justa


Kilombero
23 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Salamu nimezipata, za Precious pia, viatu nitatuma na konda. Mashimba amejikata kidole cha mguu kidogo tu, anasema hicho kilikuwa cha ziada.

Kuhusu ombi lako, hapana.

Usikasirike. Ngoja nikwambie kazi ni nini, kwa sababu naona umeanza kuisahau na kuitamani. Kazi ni kupewa ngwe yako asubuhi, jua halijatoka, na majivu ya shamba lililochomwa bado ya moto. Unainama, unakata chini, unakata kishungi cha majani juu, unatupa. Ukiinuka mgongo unabaki chini. Saa nane msimamizi anapita anasema ngwe yako ina visiki virefu, rudia. Nina miaka hamsini na moja, dada. Jana nilikaa kwenye tuta nikashindwa kukumbuka nilikuwa naelekea mwisho upi wa mstari.

Sasa wewe umepewa kukaa, unaomba ndoo! Tereza ana macho, aangalie mawingu yake mwenyewe. Na watu wa Kamanga watasemaje? Luhende ana nyumba mjini, dada yake mjane anaanika dagaa kwenye mchanga?

Ukipata upweke, lala kidogo. Mimi nikipewa siku moja tu ya kulala, sitaomba kingine. Nimechoka sana, naishia hapa.

Luhende


Igogo
16 Septemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Viatu vimefika, Precious amevipata. Samahani nimechelewa kujibu, kalamu nilikuwa naiona ila mkono haukwenda.

Mgongo unauma, ukiacha mgongo linauma tumbo. Hellen amenipeleka zahanati mara tatu. Malaria hakuna, taifodi hakuna, presha imepanda kidogo. Mara ya tatu yule bwana wa maabara alimtazama Hellen, akasema, "Bibi ana uzee tu." Alishusha sauti ili nisimsikie, akasahau kwamba sisikii, nasoma midomo.

Hellen alinipikia michembe ya viazi vikavu kama ya kwetu, akaiunga na karanga. Niliitafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Nimemwambia tamu. Usingizi unaniacha mapema, jogoo wananikuta macho.

Kivuko sikihesabu tena. Nimehamisha kiti, mwanga ulikuwa unaniumiza macho.

Wamesema napumzika vizuri.

Justa


Kilombero
8 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Joto limeanza.

Barua yako nimekaa nayo. Umesema umehamisha kiti. Hukusema umekiweka wapi.

Dada, nilikuwa na miaka minane mwanao alipokufa na surua. Najua hatukuwahi kuzungumza habari hiyo, na nisingeizungumza sasa. Lakini mwaka ule wa 1980, kutoka kupanda pamba mpaka kuchuma, ulikaa kwenye kigoda umeelekea ukutani. Wakubwa walisema umelogwa. Shemeji Yeremia akauza mbuzi kwa ajili ya mganga. Mimi nilikuwa ndiye mleta chakula. Nilikuwa naweka sahani nyuma yako, natoka, nikirudi naikuta kama nilivyoiacha. Mgongo wako naujua kuliko uso wako.

Nijibu hilo moja tu. Kiti kinaangalia wapi?

Nimechoka, ila nijibu.

Luhende


Kilombero
12 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilidhani konda amepoteza barua, nikampigia Hellen. Akasema ulipokea, ukaisoma, ukaikunja, ukaiweka chini ya mto.

Nikamuuliza kiti kinaangalia wapi. Akaanza kulia. "Ukuta, Baba Precious. Anaangalia ukuta. Nimefanya yote uliyosema. Sijamwachia hata kijiko. Nikimwambia tutoke nje anasema, 'Niacheni nipumzike, si ndivyo mlivyotaka?'"

Nikamwambia akununulie blanketi zito. Sijui kwa nini nilisema blanketi. Mwanza haina baridi.

Nimechoka.

Luhende


Igogo
26 Novemba 2023

Luhende,

Marahaba. Nipo. Jana nimekula.

Leo Yeremia ametimiza mwaka. Wamemsomea misa, sikusikia.

Usiandike ndefu.

Justa


Kilombero
10 Desemba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Umesema nisiandike ndefu. Nisamehe, hii itakuwa ndefu, isome kwa vipande.

Sikunyimwa ruhusa ya mazishi. Nimelisema mara nyingi kwa watu wengi mpaka nilianza kuliamini, lakini si kweli. Msimamizi alinipa siku saba, akanipa na mkono wa pole. Nilipanda basi. Nilipita Dodoma, nikapita Singida, nikafika Shinyanga. Pale basi lilisimama, abiria wakashuka kula, nami nikashuka. Nilikuwa nimebakiza saa tatu hivi nifike. Nikaagiza chai. Nikiwa nimeshika kikombe nikaona mgongo wako. Nikajua nitaingia pale msibani nikukute umekaa vilevile, na mimi nitakuwa tena na miaka minane, na sahani mkononi. Konda akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Nikamwangalia mpaka akafunga mlango. Kisha nikatafuta basi la kurudi.

Shemeji Yeremia alinifundisha kuogelea. Sikumtupia hata udongo.

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu zaidi kulisema, kwa sababu nililifanya kwa upendo.

Mimi nimechoka, dada. Si uchovu wa jana na juzi. Niliondoka nyumbani nikiwa na darasa la tano na mikono, na sasa mikono inaisha. Nikiwa ndani ya miwa nilikuwa na wazo moja linalonifikisha mwisho wa ngwe: yuko mtu mmoja wa kwetu amekaa kivulini. Mimi siwezi kukaa, lakini yeye amekaa. Ulikuwa unapumzika kwa niaba yangu. Ulipoomba kurudi kwenye dagaa nilisikia kama mtu ananinyang'anya kile kivuli. Ndiyo maana nilikujibu vile. Nilikupa kitu ninachokitaka mimi, nikakufungia humo, nikamkabidhi Hellen ufunguo.

Nimempigia leo. Nimemwambia ufunguo wa geti akupe wewe. Nimemwambia akupeleke hospitali kubwa, na safari hii asiseme mgongo, awaambie jambo lenyewe, kwamba mtu huyu amekaa anaangalia ukuta tangu mwezi wa tisa, na kwamba si mara yake ya kwanza. Baada ya hapo ukitaka kuvuka, uvuke. Usipotaka, usilazimishwe.

Hellen akaniuliza, "Na watu je, Baba Precious? Watasemaje?"

Nikamwambia watu waje huku wakate miwa.

Sijui kama nimechelewa kukwambia hili. Kila basi la Mwanza likiingia namtazama konda mikononi.

Luhende


Kamanga
28 Januari 2024

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba, baba yangu. Naandika nikiwa barazani kwangu. Mwezi umejaa, mitumbwi imelala, kwa hiyo nina nafasi. Leo ni siku nzuri. Jana nisingeweza kuandika hata jina.

Hellen anakusalimu. Alinisindikiza kwenye kivuko na begi langu, akanishika mkono, akasema kitu ambacho sikukisikia, nikamwambia, "Hata mimi." Akacheka huku analia, kwa hiyo nafikiri nilijibu sawa.

Nianze na hospitali. Tulimkuta muuguzi anaitwa Zakia, kijana lakini ana subira. Alipoona sisikii, akachukua karatasi, akaandika maswali yake kwa herufi kubwa, akanipa kalamu. Umefiwa na mume? Ndiyo. Umehama mahali ulipozoea? Ndiyo. Masikio au macho yamepungua? Ndiyo. Una maumivu yasiyoisha? Ndiyo. Kuna kazi uliyokuwa unafanya umeacha? Ndiyo, na ufagio pia. Nikawa najibu ndiyo tupu, nikadhani nafaulu mtihani. Kisha akaandika: Uliwahi kuugua hivi zamani? Kalamu ikasimama. Hellen akataka kunijibia, yule binti akamzuia kwa mkono. Nikaandika, 1980.

Akaniambia ugonjwa una jina, unaitwa sonona. Siyo kulogwa, siyo uzee tu. Akasema ukishamjia mtu mara moja unaijua njia, na unaweza kukaa mbali miaka arobaini ukarudi na sura nyingine. Nilipokuwa kijana ulinijia kwa machozi. Safari hii umenijia kwa mgongo na tumbo, machozi hakuna, ndiyo maana wale wa zahanati walikuwa wanautafuta kwenye damu. Amenipa vidonge, narudi kwake kila mwezi. Akaandika chini ya karatasi, akapiga mstari: utapungua na kuongezeka, ukipungua usitupe dawa, ukiongezeka usiseme umeshindwa.

Nikamuuliza kama ni kukaa ndiko kulikoniletea. Akasema siyo hilo peke yake, ni mengi yamekutana. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, Luhende. Lakini umo. Sitakudanganya.

Habari ya Shinyanga sikuwa naijua. Nilikasirika wiki mbili. Nilikuwa naamka asubuhi nakutukana kwanza, kisha ndiyo nanawa uso. Nimemwambia Zakia, akacheka, akasema hasira zimenisaidia kutoka kitandani. Bado sijamaliza kukasirika. Yeremia alikuulizia siku mbili za mwisho, hilo nalo ulijue.

Usidhani nimevuka nikapona. Giza la mwezi huu nilishuka ufukweni, nikakaa juu ya beseni nililolipindua. Wanawake wamesimama na ndoo. Tereza akaja mbele ya uso wangu ili nimwone mdomo. "Wewe mama, tumwage au tusimwage?"

Nikaangalia maji. Miaka yote nilikuwa nayaona kama naangalia uso wa mtu. Siku hiyo yalikuwa maji tu. Nikasema, "Sijui."

Wakaangaliana. Nikajua sasa watamwaga waendelee na kazi zao, na mimi ni mwanamke aliyekaa juu ya beseni. Tereza akaweka ndoo yake chini. "Basi tunasubiri," akasema. "Tuliozewa mara moja bila wewe, hatuna haraka." Wakakaa wote, mmoja akatoa ugoro, wakaanza kumsengenya mke wa mwenye mtumbwi. Nilikuwa nasoma midomo, nikacheka kabla sijakumbuka kwamba sicheki siku hizi.

Siku hiyo walimwaga bila mimi, jua likiwa limeshapanda. Ya pili hivyohivyo. Ya nne niliona upepo umekunja maji upande wa kusini, nikainuka, nikamwaga ndoo yangu. Sikugeuka kuangalia nyuma, ila niliona vivuli vyao vinainama. Ya tano sikuamka. Ya sita sikuamka. Ya saba niliamka. Ndivyo ilivyo.

Sasa ni zamu yako.

Barua zako zote nimezipanga hapa barazani, nimeweka jiwe juu. Hakuna hata moja ambayo hukuandika kwamba umechoka. Ulisema ulishindwa kukumbuka unaelekea mwisho upi wa mstari. Na yule Mashimba wa posa humtaji tangu mwezi wa saba. Mwenyewe hujaona, lakini mimi nilikulea, najua ukinyamaza unanyamaza vipi.

Nimechukua karatasi ya Zakia nikachagua manne. Mengine ya wazee, hayakuhusu bado.

Moja. Usingizi wako ukoje?
Mbili. Chakula unakisikia ladha?
Tatu. Kitu gani kimekufurahisha mwezi huu? Kitaje.
Nne. Kuna asubuhi umetamani isifike?

Jibu moja moja. Usiniandikie "sijambo".

Dada yako,
Justa


Kilombero
18 Februari 2024

Dada Justa,

Shikamoo. Barua ya Kamanga imefika ikinuka dagaa, konda alinipa huku amegeuza pua. Niliinusa mimi mpaka watu wakanishangaa. Habari za Yeremia kuniulizia nimezisoma. Hilo nitalibeba.

Najibu kama ulivyotaka.

La kwanza. Nalala nikifika kitandani kama gogo, kisha naamka kukiwa bado giza, nakaa macho mpaka king'ora cha kazi. Ni hivyo tangu mwezi wa nane. Mwezi huo Mashimba alirudi kwao Magu, bega lake limekufa, hawezi tena kuinua panga. Kitanda chake hakijapata mtu. Sikukuandikia kwa sababu ningeandika ningekuwa nimekubali kwamba ameondoka.

La pili. Nakula maharage kila siku. Nilidhani tatizo ni la maharage.

La tatu. Hili lilinitesa. Nilipita siku nzima kwenye ngwe nikitafuta kitu cha kutaja, sikupata. Jioni nikasoma tena pale ulipocheka juu ya mke wa mwenye mtumbwi. Niandikie hicho. Kama hakihesabiki kwa sababu ni kicheko chako, basi andika hakuna.

La nne. Karatasi hii imekaa chini ya godoro siku tatu ikiwa imejibiwa matatu tu. Ndiyo, dada. Mwezi wa kumi asubuhi hizo zilikuwa nyingi. Nilikuwa nakuandikia kuhusu kiti chako, nami nakaa hivyohivyo kwenye ukingo wa kitanda, panga liko sakafuni, na siwezi kuliokota. Hellen hajui. Nilipomaliza kuandika hilo neno ndiyo, nilitoka nikaenda zahanati ya kambi nikiwa na karatasi yako mkononi. Mganga wa pale akasoma maswali, akanitazama, akauliza, "Nani amekuandikia haya?" Nikamwambia dada yangu, mwanika dagaa. Akasema nisikae peke yangu chumbani, akanihamishia kwa vijana wa Kasulu, wanapiga kelele kama kunguru. Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Nimemwambia nitaipeleka Mwanza, kwa Zakia wako.

Msimu unafungwa Machi, mvua zikianza. Nitashuka Nyegezi, nitapita Igogo nimwambie Hellen kwa mdomo wangu, kisha nitavuka. Sijui kama nitarudi huku Juni. Sitaki kuahidi, nimeahidi sana.

Kama siku hiyo utakuwa umelala, lala, nitakaa barazani mpaka utoke. Na kama utakuwa kivukoni, usiniulize habari za safari. Niulize la nne. Najua sauti ndogo huisikii, itabidi nikujibu kwa kelele, na Tereza na ufukwe mzima watanisikia. Wanisikie.

Mdogo wako,
Luhende